Ukiambiwa Upitie Ofisini

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepewa mtoto. Si wa kuzaa. Koleji yetu imeanzisha utaratibu wa walezi: mwanafunzi wa mwaka wa pili anakabidhiwa mmoja wa mwaka wa kwanza aliyetoka nyumba za wafanyakazi, nyumba ambazo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, amshike mkono mpaka azoee. Mimi mwenyewe natoka huko huko. Rotherham, nyumba zilizobanana, baba dereva wa lori la taka. Hapa hakuna anayejua. Nimewaambia baba yumo kwenye shughuli za mazingira. Si uongo.

Mpango wangu ni huu. Mlezi atakayefanya vizuri kuliko wote atatangazwa Mlezi Mkuu Jumatatu ijayo, na Mlezi Mkuu atapewa chumba cha mnarani. Dirisha linatazama mto. Bafu la peke yake. Chumba changu cha sasa kiko juu ya jiko la koleji na nguo zangu zote zinanuka kabeji. Kile cha mnarani nakitaka kuliko ninavyoitaka shahada. Sharti ni moja tu: mtoto wako asirudi kwao. Mwaka jana wengi walirudi kabla ya Krismasi.

Mpinzani mmoja. Barnaby Fane-Carew. Baba yake ana msitu wenye kulungu, na yeye kapewa watoto wawili tangu wiki ya kwanza ya muhula. Nikamuuliza Bi. Stubbs wa ofisi ya ustawi, huyu Barnaby anajua nini kuhusu nyumba za wafanyakazi? Akasema mwanangu Lee, Barnaby anajua kusikiliza. Akaendelea kueleza, ila sikusikia yaliyofuata kwa sababu nilikuwa natunga jibu.

Mtoto wangu anaitwa Kerry-Ann Clegg, wa Oldham. Anasoma historia, kama mimi. Baba yake fundi plasta, mama yake mpishi wa shule. Nilimkuta chumbani na birika lake la umeme na pai za nyama na viazi za kutosha kikosi cha askari. Hata sijajitambulisha, akaniuliza nimekula? Nikampa sheria ya kwanza: hapa watu hawaulizani kama wamekula. Akasema basi hapa pana shida kubwa kuliko alivyodhani. Nikala pai mbili, kwa ajili ya utafiti.

Lakini kuna jambo. Nilipokuwa natoka akaniambia, bila kunitazama, kwamba kila Jumapili anapanga nguo zake kwenye sanduku halafu anazitoa tena. Anahisi walimchukua kwa makosa na siku moja mtu atagundua. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hapa hawagundui kitu. Hakucheka. Msichana huyu akisikia neno moja tu baya, anaondoka, na bafu langu linaondoka naye.

Jumanne, 21 Oktoba

Chakula rasmi cha jioni. Majoho meusi, mishumaa, sala ya Kilatini, wahadhiri wamekaa meza kuu kama majaji.

Nilitaka kumfundisha Kerry-Ann habari ya uma na visu. Akasema wee Lee, mama yangu anapika kwenye harusi, uma nimeanza kupanga kabla sijajua kusoma. Sawa. Nilichosahau kumfundisha ni kukaa bila kufanya chochote. Watu walipomaliza kula, wakaegemea viti wakisubiri wahudumu. Kerry-Ann akaanza kukusanya sahani. Yake, yangu, za jirani. Mabaki kwenye ya juu, visu upande mmoja, akazipanga na kumpokeza mhudumu, Bi. Maureen, akamuuliza na miguu inaendeleaje, mama.  Kwetu sisi wote hufanya hivyo. Mimi ilinichukua muhula mzima kuizoeza mikono yangu itulie.

Nikajaribu kuokoa hali. Nikavuta sahani ya chini ili nizirudishe mezani moja moja, kimya kimya. Mchuzi wote ukamwagikia joho la mwanafunzi wa sheria. Wakati nampangusa, Barnaby, upande wa pili, naye akaanza kukusanya sahani. Meza nzima ikafuata. Bi. Maureen akasema kwa miaka yote aliyofanya kazi hapa hajawahi kuona. Akamshukuru nani? Barnaby.

Halafu nikaona nywele za Dkt. Quayle, juu ya vichwa vya watu, zikishuka kutoka meza kuu kuja kwetu. Dkt. Quayle ndiye mhadhiri wa historia. Nikaangusha leso na kuifuata chini ya meza. Kutoka huko nilisikia yote. Akamuuliza wewe ndiye Kerry-Ann? Nimesoma insha yako. Pitia ofisini kwangu siku yoyote, Ijumaa mchana huwa nipo, tuzungumze kidogo. Sauti tamu kabisa. Hiyo ndiyo huwa mbaya zaidi.

Kerry-Ann akainama chini ya meza, uso mweupe, akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia ukweli. Shuleni kwetu uliitwa ofisini kwa mambo mawili, ngumi na chawa. Kazini kwa baba, mtu akiambiwa hebu ingia ofisini kidogo, anabeba na koti lake kabisa. Sijawahi kusikia mtu kaitwa ofisini akaambiwa umefanya vizuri, rudi nyumbani. Akasema ni hivyo hivyo kwa baba yake. Ilikuwa mara ya kwanza tunakubaliana kwa kila kitu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempa siri yangu kubwa. Sikuwahi kumpa mtu.

Mwaka jana, mwezi wa Novemba, Dkt. Quayle aliniambia maneno hayo hayo. Pitia ofisini kwangu. Sikupita. Sijapita hadi leo. Na nipo! Aliye kando haangukiwi na mti. Mwaka huu nimechagua masomo kwa kigezo kimoja tu, yasiwe anayofundisha yeye, ndiyo maana sasa najua mengi sana kuhusu watawa wa Skandinavia. Ngazi kuu situmii. Maktaba naingia kupitia mlango wa mikokoteni. Alama zangu si nzuri, lakini hazijafa.

Basi leo nikamtembeza Kerry-Ann njia zangu zote. Nyuma ya kanisa, kupitia stoo, kukatiza ua wa jikoni. Nikamwazima na kofia. Mhadhara wa Dkt. Quayle tuliuruka. Tulipofika ua wa jikoni, nani anatokea? Dkt. Quayle mwenyewe, na baiskeli yake. Tukajitupa nyuma ya mapipa ya taka. Mtoto wa dereva wa lori la taka anajua pipa lipi lina nafasi nyuma yake, na kwa mara ya kwanza niliona urithi una faida.

Tumechuchumaa pale, maganda ya viazi yananigusa sikio, Kerry-Ann akaninong'oneza. Lee, hivi wewe umeishi hivi mwaka mzima? Nikamwambia ndiyo, kwa fahari. Akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ananistahi.

Kumbe. Dkt. Quayle alipokwisha kupita, Kerry-Ann akasimama, akajipangusa, akasema yeye hawezi kuishi nyuma ya mapipa miaka mitatu. Kama wanamfukuza, bora aondoke mwenyewe kichwa juu. Akampigia baba yake simu hapo hapo. Baba akamwambia mwanangu, Ijumaa naja na gari.

Nimejilaza. Chumba kinanuka kabeji kuliko siku zote.

Alhamisi, 23 Oktoba

Lazima Kerry-Ann abaki. Nimeamua kumpeleleza adui ili nijue anawashikaje watoto wake.

Nilimkuta Barnaby anakula mkate wa kuchoma, soksi zimetoboka. Matajiri hawashoni soksi, sijui kwa nini. Nikazungumza mambo ya hali ya hewa, halafu kwa ujanja nikauliza kesho una mipango gani? Akasema kesho anakwenda kwa Dkt. Quayle, kama kawaida.

Kama kawaida! Nikauliza kwa sauti ya chini, huwa unaitwa mara kwa mara? Akasema kila wiki tangu mwaka jana. Anapeleka insha zake, anachambuliwa vibaya, wanabishana, kuna na biskuti za tangawizi. Nikaelewa. Biskuti ni za kumlainisha kabla ya kumpiga. Maskini Barnaby. Kumbe kucheka kote kule, mwenzangu anapelekwa ofisini kila wiki kama mtoto mtukutu, na hakuna anayejua. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Nikamwekea mkono begani nikamwambia jikaze, kaka, yatapita. Akasema asante, Lee, ingawa sijui ni yapi. Watu wa tabaka lake wanajua kuficha maumivu.

Akaniuliza, kwani wewe huendi? Nikamwambia mimi niko salama.

Nimesahau kumpeleleza habari ya watoto wake.

Ijumaa, 24 Oktoba

Gari limefika mchana. La kazi, jeupe kwa plasta nje na ndani, ngazi juu, limeegeshwa mbele ya lango la zamani ambapo hata maaskofu hawaegeshi. Bwana Clegg akashuka. Mtu mpana, mikono kama mabeleshi, anaongea polepole. Akanishika mkono akasema wewe ndiye Lee uliyekuwa unamtazama binti yangu, asante kijana. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa na mpango. Nilikwenda kwa bawabu nikamshtakia gari limeziba lango. Hesabu yangu: bawabu atakuja, ataanza kugomba, watabishana, muda utapita, Kerry-Ann atafikiri upya. Bawabu akaja kweli. Lakini alipoona mtu anabeba sanduku peke yake, akavua koti na kuwasaidia kupakia ili wamalize upesi. Kwa mpango wangu, vitu vya Kerry-Ann viliingia garini kwa kasi ambayo sijawahi kuiona hapa koleji.

Likabaki birika tu. Kerry-Ann amelikumbatia mlangoni, midomo imebanwa. Baba yake akasema, kama hawakutaki twende zetu, mama yako amekuulizia nafasi pale jikoni shuleni, si kazi mbaya. Akajibu anajua si kazi mbaya. Hakusogea. Hapo nikasahau mnara, nakiri. Nilitaka tu asilie mbele ya bawabu.

Nikamfariji kwa kitu pekee nilichokuwa nacho. Nikamwambia Kerry-Ann, usijione uko peke yako. Hata Barnaby anaitwa.

Akageuka. Anaitwa wapi? Kwa Dkt. Quayle, nikasema, ila usimwambie mtu, kila wiki. Tangu lini? Tangu mwaka jana. Na hawajamfukuza? Bado. Na akiingia anafanywa nini? Nikasema anachambuliwa insha, wanabishana, anapewa biskuti za tangawizi.

 Hata bawabu alisimama.

Kerry-Ann akanitazama vile vile alivyonitazama nyuma ya mapipa. Halafu akamtazama baba yake. Bwana Clegg akajikuna shingo, akasema yeye hajawahi kuitwa ofisini kwa jema, hawezi kumdanganya. Lakini mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nenda ukayasikie kwa masikio yako, mwanangu, mimi gari silizimi. Kerry-Ann akampa baba yake birika, akaondoka. Kwa ngazi kuu! Nilifunga macho.

Tukabaki tumekaa ukutani, mimi na Bwana Clegg na birika katikati yetu. Akauliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema yumo kwenye shughuli za mazingira. Akaitikia kwa kichwa, akauliza lori la kupakia taka nyuma au la pembeni? Nikasema la nyuma. Akasema kazi ya maana hiyo, mji bila wao wiki moja hauingiliki.  Baadaye akasema, kama anaongea na birika, kwamba maisha yake yote amepiga plasta kwenye nyumba za watu wenye shahada, na hajawahi kukalia kiti hata kimoja humo ndani, kwa sababu ya vumbi. Alitaka mmoja wa watoto wake akae. Ndiyo hivyo tu, alisema. Nilikuwa nimesikiliza yote, bila kutunga jibu.

Kerry-Ann akakawia mno. Nikaanza kumweleza Bwana Clegg kwamba kukawia ni dalili mbaya. Akaniambia nyamaza kidogo, mwanangu.

Kerry-Ann akarudi anakimbia. Anacheka, analia, makombo kwenye sweta. Hawakumwita kumfukuza. Dkt. Quayle alitaka kumwambia insha yake ndiyo bora aliyosoma muhula huu, na kumwuliza kwa nini anaonekana hajalala. Kerry-Ann akamweleza anasoma vitabu vyote alivyotajiwa. Dkt. Quayle akashika kichwa. Akasema Kerry-Ann, hakuna mtu anayesoma vyote, hata mimi sijasoma vyote, unachagua vitatu. Na kumbe mlango ule uko wazi Ijumaa kwa yeyote, ukiwa na swali au ukiwa huna. Wenzake wengine walijua tangu siku ya kwanza, walisikia kwa wazazi wao. Yeye nani angemwambia?

Bwana Clegg akasema, eti bora? Akasema ndiyo, baba. Bwana Clegg akageukia gari, akapangusa uso kwa mkono wa shati, plasta ikamwachia alama nyeupe toka jicho hadi sikio. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akaanza kushusha vitu. Bawabu naye akavua koti tena. Mimi nilibeba birika. Nilikuwa na furaha sana, sijui niiandike vipi. Nilifurahi tu.

Kerry-Ann akaniambia jambo moja zaidi. Dkt. Quayle ameniulizia. Lee Hebblethwaite bado yupo? Eti ana insha yangu ya mwaka jana mezani kwake, aliipenda, alitaka tuizungumze, na amekuwa akishangaa nilipotelea wapi.

Nikacheka. Mtego wa wazi namna hiyo.

Jumapili, 26 Oktoba

Kerry-Ann amewakusanya wenzake wa mwaka wa kwanza chumbani kwake, wale wote waliotoka nyumba kama zetu. Mmoja mama yake dereva wa basi, mwingine baba yake analinda ghala. Amewapashia pai moto na kuwaeleza habari ya mlango wa Dkt. Quayle. Walikuwa hawajui, hata mmoja. Ijumaa ijayo watakwenda kwa makundi. Barnaby alikuwepo, amekaa sakafuni, anasikiliza. Ameleta biskuti.

Niliwaeleza na mimi mchango wangu, kwamba habari yote ilitoka kwangu. Wakanipigia makofi. Kerry-Ann akaniuliza, na wewe Ijumaa utakuja? Nikasema Ijumaa nina watawa.

Mnara ni wangu. Mtoto wangu amebaki, na sasa wanabaki na wa wenzangu. Nimepima dirisha kwa macho kutoka uani. Pazia la kijani litafaa.

Jumatatu, 27 Oktoba

Asubuhi Bi. Stubbs aliniita ofisini kwake. Nilichungulia dirishani kwanza kuona uso wake ukoje. Ulikuwa wa upole. Nikajiandaa kwa lolote.

Mlezi Mkuu amekuwa Barnaby. Nikauliza kwa sababu gani. Bi. Stubbs akasema watoto wake wote wawili wapo, wanalala, wanakula, na tangu wiki ya kwanza anawapeleka kwa wahadhiri yeye mwenyewe. Nikasema wangu pia yupo. Akasema ndiyo, mwanangu, na tumeshukuru sana, tumeshangaa kidogo pia. Halafu Barnaby akaukataa mnara, eti hapendi ngazi nyingi, akaomba wapewe wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wawe na mahali pa kukutania. Kwa hiyo bafu langu sasa ni la umma.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Bi. Stubbs akavuta kiti karibu, akanishika mkono, akasema Lee, mzigo umekuwa mkubwa kwako. Dkt. Quayle amezungumza naye, alama zangu wameziangalia, wameshauriana, na wamenipangia mtu wa kuwa nami kila wiki. Kerry-Ann. Ameomba mwenyewe.

Wamenipa msaidizi! Barnaby hana msaidizi.

Nimeonana naye baada ya chakula cha mchana. Ana moyo wa kazi, siwezi kumnyima hilo. Akaniuliza nimekula? Akaniuliza nina insha gani inayonisumbua, nikampa zote azishike, ndiyo kazi ya msaidizi. Amepanga kila kitu yeye mwenyewe: Ijumaa mchana atanifuata mlangoni kwangu, tutatembea pamoja, na hataniacha hadi niwe nimeingia ndani na mlango umefungwa. Nikamwuliza ndani ya wapi. Akasema wewe njoo tu, Lee. Heshima ya namna hii sijawahi kupewa tangu nije hapa. Nimemwambia avae nadhifu, maana akitembea na mimi watu watamtazama.